Somo la Ufito Laini

Baba Keza mpenzi,

Bado tuko Nengo, nyumba ileile, na bado nauza sambaza, samaki wadogo ninaowanunua asubuhi ziwani. Nataka kukupa habari za binti yetu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinijaribia somo kabla ya kulipeleka shuleni? Mimi nikiosha sambaza, wewe umesimama na chaki bila ubao. Ulisema mama wa soko akielewa, darasa zima litaelewa. Siku ya kordata wasio na uti wa mgongo, ndugu wa mbali wa ukoo wetu sisi wenye mifupa, ulinionyesha picha ya amfioksasi. Nikasema huyo ni sambaza, hata ningemuuza. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Sambaza iko na mifupa, Mama Keza. Huyu hana hata moja."

Ukanieleza kwamba mgongoni ana ufito laini tu, notokodi, na juu yake unapita mshipa wa fahamu. Kooni ana matundu ya kuchujia chakula, nyuma ana mkia. Anajificha kwenye mchanga wa bahari, kichwa nje. Bahari hukuwahi kuiona, lakini uliisimulia kama mtu aliyetoka huko jana.

Tangu tukuzike, Keza hakufungua kitabu chako cha biolojia. Anasomea ualimu, na alitaka kuacha biolojia ahamie lugha. Sikumlazimisha. Kisha akapangiwa kufundisha somo hilohilo. Jumapili, baada ya misa, akakifungua kitabu chako, akaniambia nikae.

Alianza kwa sauti ndogo. Akafika kwa tunikata, mnyama wa baharini aliye kama kifuko kilichoganda kwenye mwamba, maji yanaingia huku yanatokea kule. Nikamuuliza, bon, sawa, huyo asiye na mgongo wala mkia anaingiaje katika ukoo wetu? Akageuza kurasa. Niliogopa atafunga kitabu.

Akasema tunikata akiwa mtoto anaogelea, ana mkia na notokodi. Akishajishikiza mwambani, vinapotea. Halafu akanitazama.

"Hata mi nilikuwa nayo, mama. Mu tumbo yako, mbele mifupa ya mugongo ikuye."

Kwamba mtoto tumboni huanza na ufito laini kabla ya mifupa, hilo hukuwahi kunifundisha. Nikaukumbuka mkono wako juu ya tumbo langu, ukingoja acheze.

Jana alifundisha. Alirudi na njaa, akasimulia huku akila, na habari ya kuhamia lugha haitaji tena. Ameniomba nikae tena Jumapili, somo ni samaki. Nimemwambia ajitayarishe vizuri, maana hapo nitakuwa na maneno.

Lala kwa amani, mwalimu wetu.

Mke wako,
Mama Keza