Nimewadanganya Wanangu Kuwa Roshani Imefungwa

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi ipokee hivyo hivyo kwa heshima ya kazi unayoifanya. Huwa nakusoma kila Jumapili ninapoipumzisha cherehani, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekuwa mmoja wa hao wanaokuandikia, maana nilikuwa nikiwacheka moyoni, nasema huyu naye hana jamaa wa kumuuliza, na sasa mimi hapa nina jamaa tele na ndio hao hao nisioweza kuwauliza.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule, ni mjane, naishi ghorofa ya nne katika jengo la zamani lisilo na lifti, na roshani ya sebule yangu inatazama barabara kuu, ile inakopita gwaride la sikukuu ya taifa. Sikukuu yenyewe huangukia katikati ya kiangazi, jua likiwa kali mpaka lami inanata viatuni, na watu wa mji huu mkubwa huamka na giza kwenda kugombea kivuli kando ya barabara, lakini familia yangu haigombei kitu, wanapanda ngazi tu wanafika kwangu, wanakaa roshani na juisi ya baridi mkononi, bendi inapita chini yao kama wameiagiza wenyewe, ndege zinapita juu, jioni fataki. Imekuwa hivyo tangu mume wangu yu hai, na alipofariki nikaendelea, kwa sababu ndiyo siku pekee katika mwaka ninayowaona wote pamoja bila kuwepo msiba wala mgonjwa.

Mwaka jana nilitoka jikoni na sinia la kuku, jasho linanitiririka mpaka machoni, nikakuta wote wamenipa mgongo, mwanangu mkubwa na mke wake, binti yangu ambaye ni muuguzi, wajukuu wamebebwa juu waone vizuri, na wifi yangu, dada wa marehemu, amekikalia kiti cha mbele kama kawaida yake, nami nikasimama pale na sinia mpaka mikono ikauma, hakuna aliyegeuka, nikajiona kama mhudumu wa hoteli ambaye wageni hawajamwita. Nikaliweka sinia mezani nikarudi zangu jikoni. Baadaye nikamuuliza mjukuu wangu kwa utani kwamba bibi unampendea nini, akanijibu bila hata kufikiri, "Kwa sababu kwako ndege zinapita karibu." Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile liliniingia na halijatoka mpaka leo.

Sasa mwaka huu magoti yamenigomea. Nikitoka dukani na nyuzi na vitambaa nafika ghorofa ya pili nakaa kwenye ngazi, najifanya natafuta kitu kwenye pochi ili jirani akipita asiulize, na daktari ameniambia waziwazi kwamba ngazi zile zitanimaliza. Shoga yangu anayeuza vifungo akanitafutia nyumba ya chini, upande wa pili wa mji, nyuma ya kiwanda cha kuchapa vitabu, vyumba viwili na kibaraza, dirisha linatazama ukuta, lakini cherehani itakaa pale pale mlangoni na wazazi wataniletea watoto kupimwa bila kupanda wala kushuka, na kusema kweli nyumba nimeipenda. Mwenye nyumba ananisubiri, ila anataka jibu mara tu sikukuu ikipita. Kinachonizuia ni kimoja tu, kwamba nikiondoka na kuiacha roshani, nani atakuja kwangu?

Hapo ndipo nilipofanya upuuzi, mshauri. Wiki mbili zilizopita binti yangu alipiga simu kuuliza habari za sikukuu, na mdomo wangu ukasema wenyewe kwamba wenye jengo wamezifunga roshani zote kwa matengenezo, mwaka huu hakuna kutazama kitu. Nilitaka nione tu atasema nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mama, basi mapumziko yangu nimwachie mwenzangu, ana watoto wadogo." Nikakata simu nimevunjika moyo, na badala ya kuishia hapo nikampigia wifi yangu nikamwambia vile vile, naye akanijibu kwa kicheko chake kile, "Sasa wifi, roshani ikifungwa tutatazama nini, tutazamane sisi? Sura yako naijua tangu unaolewa." Nikampigia mwanangu, yeye hakucheka, akakasirika, akauliza nani kawaruhusu ilhali mama yake analipa kodi kila mwezi, akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja kuonana na msimamizi wa jengo ana kwa ana.

Msimamizi mwenyewe hajui lolote, masikini ya Mungu, juzi amenisaidia kubeba mfuko.

Halafu jioni ile ile akanipigia mkwe wangu, mke wa huyu mwanangu, ambaye nikuambie ukweli hatujawahi kupatana sana, namwona ana maringo, akija kwangu anakula kidogo na simu haimtoki mkononi. Akaniambia, "Mama, kama roshani imefungwa tutakaa hata jikoni. Nije asubuhi tusaidiane, au mchana?" Nikamwambia nitakupigia, na mpaka leo sijampigia, kwa sababu naona aibu, yaani katika wote huyu ndiye.

Leo asubuhi nimechukua kamba ya kuanikia nguo nikaifunga mlangoni pa roshani ili mwanangu akija Jumamosi aamini, nikasimama naiangalia ile kamba, mwanamke mwenye wajukuu, nikajiona sina akili, nikakaa chini nikaanza kukuandikia. Nimefikiria nimwombe msimamizi anifunikie uongo huu, nimshonee hata shati. Nimefikiria niikatae ile nyumba nibaki na ngazi zangu na magoti yangu. Nimefikiria pia nihame kimya kimya, sikukuu ikiwa imepita, nione nani atanitafuta. Niambie nifanye nini, na niambie bila kunionea haya, hivi watu hawa wananipenda mimi au wanaipenda roshani?

Mama wa Ghorofa ya Nne

*

Mama wa Ghorofa ya Nne, marahaba. Nina hakika nimekuzidi, maana magoti yangu yalianza kugoma wewe ukiwa bado unapanda ngazi zako mbio. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili sikucheka tena, na jibu nimeomba gazeti lilitoe kabla ya Jumamosi hiyo.

Nianze na kukugombeza, ili tukimaliza tupumue. Kabla sijaanza kazi hii nilikuwa mwalimu, na maishani nimesahihisha mitihani mingi kuliko sare ulizoshona. Mtihani una kanuni zake. Ya kwanza kabisa ni kwamba mtahiniwa ajue yuko kwenye mtihani. Wewe umewapa wanao mtihani wa kimyakimya, katika simu, mmoja akiwa pengine amesimama wodini na mwingine anaendesha gari, ukawasahihisha kwa kalamu nyekundu ukiwa peke yako chumbani, ukawafelisha. Mwalimu wa namna hiyo mkuu wa shule angemwita ofisini.

Na swali lenyewe hukuliuliza vizuri. Rudia kuyasoma maneno yako. Ulimwambia binti yako kwamba roshani zimefungwa na mwaka huu hakuna kutazama kitu. Ukamwambia wifi yako vile vile. Ukamwambia mwanao vile vile. Nimetafuta katika barua nzima mahali ulipomwambia mmoja wao, "Lakini njooni," sikupaona. Sasa jiweke katika nafasi yao. Mama amefanya kazi, umri umeenda, kila mwaka anapika kwenye joto la kiangazi, na leo anasema hakuna kitu. Mtu mwenye adabu anasikia nini hapo? Anasikia mama amechoka na anatafuta njia ya upole ya kuahirisha. Binti yako alinyamaza kidogo, wewe mwenyewe umeandika hivyo. Hukumuuliza ule ukimya ulikuwa wa nini. Wauguzi hawapewi mapumziko ya sikukuu kama karanga, mama. Siku ile alikuwa ameipigania, na alipoona haina kazi tena akampa mwenzake mwenye watoto. Umelea mtoto mwema, halafu umemkasirikia kwa wema huo huo.

Wifi yako nitamsemea kwa kifupi. Mtu anayeweza kukuambia sura yako anaijua tangu unaolewa ni mtu aliyezoea nyumba yako kama yake. Ungemjibu papo hapo kwamba na yeye yake imechakaa, mngecheka wote na angekuja. Ulinyamaza, akadhani utani umeisha.

Mwanao ndiye aliyenigusa. Unadhani mtu mzima, mwenye kazi na familia, anaacha shughuli zake za Jumamosi kwenda kugombana na msimamizi wa jengo kwa sababu ya bendi ya tarumbeta? Bendi anaweza kuitazama kwenye televisheni akiwa amelala. Amesikia mama yake ananyang'anywa kitu chake, amekuja juu. Anaenda kumpigania mama yake, na anayekwenda kupigana naye ni mtu asiye na hatia aliyekubebea mfuko. Ndiyo maana shati hilo usilishone. Uongo ukiwa wako peke yako unaurekebisha kwa simu moja. Ukimwingiza msimamizi, mnakuwa wawili, na mmoja wenu anaweza kupoteza kazi.

Sasa kuhusu mkwe wako. Amesema neno zuri, mshukuru, na umwombe radhi moyoni kwa yale ya maringo, maana mtu kula kidogo si dharau, huenda ni tumbo lake tu. Lakini jihadhari. Ukianza kumsifu mbele ya wengine kwamba huyu ndiye aliyefaulu, utakuwa umemwingiza kwenye ugomvi na wifi yake, yule binti yako, na hakuomba ushindi huo. Mpigie, mwambie aje asubuhi, basi.

Umeniuliza kama wanakupenda wewe au roshani. Nitakueleza ninavyolielewa jambo hili, uvumilie kidogo maelezo ya mzee. Watu wazima wenye kazi hawakutani kwa sababu wanapendana tu. Wanakutana kwa sababu kuna siku na kuna kisingizio. Mimi na kaka zangu tulikuwa tukikutana kwa baba kusikiliza mpira kwenye redio yake kubwa. Redio ilipoharibika, mwaka mzima tulipita bila kukaa pamoja, na hakuna aliyemchukia mwenzake. Ni kwamba "njooni tusikilize mpira" ni maneno mepesi, na "njooni tukae tu, nimewakumbuka" yanakwama kooni, hasa kwetu sisi wanaume. Dada yetu akatuita kumsaidia kupaka rangi ukuta. Ukuta ulipakwa vibaya, tukarudi tena kuusahihisha, na tangu hapo hatujaacha. Mjukuu wako alikuambia kwako ndege zinapita karibu. Mtoto anataja anachokiona. Hajui kutaja kilichompandisha ngazi zile zote begani kwa baba yake.

Nami nisikudanganye, kwa kuwa uongo umekutosha. Ukihamia chini, huenda mwaka mmoja wengine wasije, au waje wamechelewa kwa sababu ni mbali. Hilo siwezi kukuhakikishia, wala hutaliepuka kwa kubaki ghorofa ya nne, maana ngazi zikikushinda kabisa utakuwa na roshani, na wewe mwenyewe utakuwa mfungwa wake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kamba ifungue leo, uanikie nguo. Nyumba ya chini ichukue, na usisubiri sikukuu ipite, mpelekee mwenye nyumba jibu wiki hii hii, ili ukiwaambia wanao uwe unawaarifu, usiwe unawaomba kura. Wapigie wote uwaambie roshani iko wazi na waje, na siku ya sikukuu usipike. Kila mmoja aje na chake, na wewe utoke jikoni ukae nao, kwa sababu mwaka jana ulisimama nyuma yao na sinia bila kutoa sauti, na watu hawana macho kisogoni. Ndege zikishapita, waambie siku ya kuhama na ugawe kazi: nani abebe cherehani, nani kabati, wifi yako abebe mdomo wake. Wape sababu ya kuijua njia ya nyumba mpya kwa mikono yao wenyewe.

Lakini kwanza ni mwanao, na ni kabla ya Jumamosi. Usimpigie ukiwa na hadithi ndefu ya kuzunguka. Mwambie: roshani haijafungwa, nilikudanganya, magoti yananiuma, ninahama, na niliogopa kwamba hamtakuja tena. Sema hayo kwa mpangilio huo, usiongeze la kujitetea wala la kulaumu. Ukifika mwisho, nyamaza. Kitakuwepo kimya kwenye simu na utatamani kukijaza, usikijaze. Zamu ya kusema itakuwa ni yake, na ni mara ya kwanza utakuwa umemuuliza swali lako waziwazi.