Mbegu Zilizokosa Moshi

Arusha, 3 Julai 1996

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa. Mimi mzima, naendelea kuwapikia wageni wa kampuni. Tajiri amekubali kuleta wazungu huko Issuna mwezi wa nane. Watalala kwenye tembe yako, watacheza ngoma na kikundi chenu, wataona mtama wenu unavyostahimili ukame. Kila kitu mtapanga nyie wenyewe.

Ila mama, moshi. Kijiji kimoja walikolala wageni wengine, waliondoka macho yamevimba, na hawakurudi. Naomba uhamishie mafiga nje.

Mwanao,
Eliana

Issuna, 25 Agosti 1996

Mwanangu Eliana,

Marahaba. Mguu ni ule ule, tumeshazoeana. Mafiga nimeyatoa nje. Mwenzetu Yunisi alinung'unika, maana masuke ya mbegu ya kikundi chote, wanawake kumi na wawili, yako kwenye kichanja changu juu ya jiko, yapate moshi mpaka mvua. Nikamwambia aache ushamba, mwanangu anawajua wageni.

Basi wakaja saba. Siku mbili wanazunguka shambani kuuliza matuta yanakingaje maji. Mmoja alitwanga mtama na Yunisi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tulicheka, mwanangu, sijui lini tulicheka vile. Wenzangu wanauliza watarudi lini.

Mama yako

Arusha, 20 Oktoba 1996

Mama,

Shikamoo, na wanakikundi wote nawasalimu. Nina habari mbaya. Kampuni imeuzwa. Tajiri mpya anasema huko kwetu Singida ni mbali, wageni wataishia mbugani. Nilimweleza kwamba mmechimba choo na kupaka kuta, akaniambia nirudi jikoni.

Nisamehe mama. Angalau mbegu mnazo, mvua ikija mtapanda kama siku zote.

Mwanao,
Eliana

Issuna, 19 Januari 1997

Eliana,

Marahaba. Sijambo ya mdomoni tu, nisikudanganye. Mvua ilipoanza Desemba tulishusha masuke tugawane. Punje zote zimetobolewa na fukusi, ukizisugua unabaki na unga mkononi. Miezi ile yote bila moshi, maana mafiga niliyaacha nje nikingoja wageni warudi. Mbegu iliyotuvusha miaka ya njaa, na wote waliiweka kwangu.

Tulizunguka vijiji vya jirani, kila mtu alikuwa ameshapanda ya kwake. Tukanunua ya dukani. Ikaota vizuri, halafu jua likawaka wiki tatu, ikakauka yote.

Usiniandikie kwamba kosa ni lako. Wewe ulikuwa unatafuta riziki, mimi ndiye niliyekulia kwenye moshi ule na najua kazi yake. Wala usiniite Arusha. Nikiondoka watasema nimewakimbia. Nikibaki, watoto wao wananitazama nikipita kwenda kisimani.

Kikundi hakipo tena. Hakuna aliyekivunja, watu wameacha tu kuja. Leo asubuhi Yunisi amepita hapa na mwanawe mgongoni, anakwenda Shelui kutafuta vibarua. Nimetoka mlangoni nikamwamkia, mimi niliyemzidi umri. Hakuitika.

Mama yako