Jembe la Posa ya Novatus

Mtaa wa Mafundi,
Ngara Mjini.
6 Agosti, 1995.

Mpendwa Shangazi Eustakia,

Shikamoo. Habari za huko Nyamigogo, na miguu yako inaendeleaje? Mke wangu Odeta na watoto wanakuamkia. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, ila moyo wangu umechoka.

Tangu wakimbizi waje, mtaa huu hauna tena mhunzi wa majembe. Tajiri mmoja wa zabuni anatuletea nondo za ng'ambo, tunazigeuza ndoano za kufungia maturubai ya kambini. Wahunzi wenzangu ni wale wale: Matiasi anakata, mimi nakunja, Philbert ananoa ncha. Kutwa ni hiyo hiyo. Maseremala nao wanachonga vigingi tu, na ukitaka kitanda siku hizi kinatoka Mwanza.

Nikisema niache, Matiasi hana wa kumkunjia anachokata na Philbert atakaa bure na wanawe. Hao ndio walionizikia baba, nitawatazamaje usoni? Nimenasa, Shangazi, sikufichi.

Sasa mdogo wangu Novatus anaposa kwa mzee Nduwayo wa Bugarama. Desturi unaijua, jembe hutangulia ndipo pombe ifuate. Mzee ametuma neno: kwa ukoo wa wahunzi hapokei jembe la dukani. Binti yake Diane analia, Novatus halali, na wote wananitazama mimi.

Jumamosi nikawasha moto. Mvukuto wa kupulizia moto, ngozi yake imeliwa na panya, na mkaa mzuri utautoa wapi, misitu imekwisha kwa kuni? Nikafua hivyo hivyo. Kilichotoka Odeta alikitazama, akaenda zake jikoni. Afadhali angenicheka.

Kwa hiyo nakuomba lile jembe babu alilokufulia ulipoolewa. Najua limelika, pengine limebaki kama kijiko. Mpe jirani yako Laurian aje nalo akija mnadani. Sitalipeleka posani, usihofu, litarudi kwako. Nataka tu nione babu alivyolipiga pale linapoingia kwenye mpini. Nimesahau, Shangazi. Na hapa mtaani, wa kuulizwa mambo hayo nilikuwa mimi.

Nisalimie Priscila na mumewe Shibuda. Mungu akupe nguvu ya kulima na mvua ya kutosha.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,
Protasi