Mia na Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Themanini na sita! Mkuu wa maabara amenipigia makofi mbele ya wote. Kikomo cha kukosea wakati ni pikosekunde mia, vijisehemu vya sekunde, sisi tuko chini kabisa. Ijumaa wageni wa mradi mkubwa wa fizikia wanakuja kuchagua: mche wetu wa plastiki au wa maabara jirani. Ukichaguliwa wetu, nina kazi miaka minne. Mama kwenye simu: hicho kidude kinafanya nini hasa? Nikamwambia chembe ikipita ndani yake plastiki inatoa mwanga, vihisi vya ncha mbili vinauona, nasi tunasema imepita wakati gani. Akauliza kwani saa ya ukutani imekufa. Bado nacheka.

Jumanne, 5 Machi
Nimerudia hesabu. Bora nisingerudia! Kigunduzi cha kulinganishia nacho huyumba kidogo, na huko kuyumba lazima kuondolewe kwenye jibu. Mimi nilikuondoa kwenye programu. Mkuu akakuondoa tena kwenye jedwali lake. Mara mbili! Ukweli ni mia na kumi na mbili. Kesho namwambia Mkuu.

Jumatano, 6 Machi
Mkuu hakubishana na hesabu. Alivua miwani tu: binti, wageni wako njiani, tutarekebisha baadaye. Baadaye ipi? Nikaenda kwa Dada Gundi, anayetubandikia vihisi. Akamulika tochi ncha ya kushoto — viputo ndani ya gundi, mwanga unapotea humo. Tukibandua, huenda tukashuka chini ya mia. Huenda pia kihisi kikapasuka, na cha akiba hakuna. Mdogo wangu, akauliza, roho unayo? Ninayo.

Alhamisi, 7 Machi
Tumebandua! Kwa uzi mwembamba, polepole, Dada Gundi akinikataza hata kupumua. Kimetoka kizima. Gundi mpya, utepe mweusi mara mbili, mwanga wa taa usipenye. Jibu: mia na tatu. Loo! Tatu tu! Mkuu: tatu nani ataiona? Mimi nimeiona.

Ijumaa, 8 Machi
Mia na tatu ileile. Bango la Mkuu ukutani linatangaza 86, kubwa kama tangazo la sabuni. Dada Gundi kalitazama, kasema njia ya mwongo fupi, kaenda zake. Naogopa. Hiyo miaka minne naitaka sana. Lakini wakiuchukua mche watauwasha, nao utajisemea wenyewe. Nimejifungia ndani. Nimechukua kalamu nene, nimekata 86, nimeandika 103. Vicheko koridoni — wamefika. Wino bado mbichi. Mkuu anagonga: binti, wafungulie wageni —