Redio ya Bi Mwanaidi

Jumatatu, 4 Machi
Kaya kwa kaya tangu asubuhi na begi langu la mhudumu wa afya, matope ya Chanika mpaka vifundoni. Zuhura kavimba miguu tena. Kichwa kinamuuma. Nesi alishasema presha iko juu, asijaribu kuzalia nyumbani. Nimepanga na Saidi wa bajaji, uchungu ukianza tu tunaondoka. Zuhura kanicheka: "Mama Neema, unaniogopea kuliko mume wangu." Mume yuko safari na lori. Nampenda huyu binti.

Jumatano, 6 Machi
Mkwewe, Bi Mwanaidi, hataki kusikia habari za bajaji. "Uchungu hautangazwi, mwanangu. Watu wakijua, mtoto anagoma kutoka." Hata mama yangu, kule Singida, aliamini hivyo. Nikamwomba anijulishe mie peke yangu. Akasema haya. Haya ile sikuipenda.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepita asubuhi. Bi Mwanaidi kanikalisha barazani. Asha, bintiye, aliyekuja kwa mama kusubiri kujifungua mimba yake ya kwanza, kanimiminia chai bila kuniangalia. Zuhura je? "Kalala, mwache apumzike." Redio ndani iko juu, kaswida tupu. Nikala maandazi mawili, nikaaga.

Jumamosi, 9 Machi
Zuhura amefariki.
Jana nilipokuwa barazani alikuwa ndani, kwenye uchungu. Redio ilifunguliwa nisimsikie. Kifafa cha mimba kilipomshika ndipo wakamwita Saidi. Hospitali wamemwokoa mtoto, wa kike. Mama hakuzinduka.
Ukuta mmoja tu. Mie natafuna andazi.

Jumapili, 10 Machi
Tumezika. Bi Mwanaidi alininyooshea mkono. Sikuupokea. Mungu anisamehe, au asinisamehe, leo sijali.

Jumatano, 27 Machi
Nazunguka njia ya kisimani nisipite kwake.

Alhamisi, 18 Aprili
Mchana, jua kali. Bi Mwanaidi barabarani, hana hata ushungi, mjukuu begani: "Mama Neema! Asha kashikwa na uchungu! Jamani, uchungu!" Mtaa mzima ukatoka nje. Aliendelea kuita hata baada ya mie kufika.
Ndani ya bajaji akanipakatisha mtoto. Wamempa jina la mama yake.
Asha kajifungua salama, wa kiume.
Wakati wa kurudi nimepita njia yangu ya zamani. Nyumba moja redio ilikuwa juu. Nikasimama nje mpaka wimbo ukaisha, nisikie kama kuna mtu analia.