Anayechota Chini ya Mfongo

Kibosho, 11 Agosti 2024

Mpwa wangu Redempta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko Tanga na joto halijakuyeyusha. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu si ya kawaida. Juzi nilikuta mbege imeganda ndani ya kata, nikaivunja kwa panga ndipo nikanywa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema maji ya kuoshea kahawa kwenye mashine yangu ya kumenyea yanaingia mtoni, yanateremka mpaka Pangani, yanamwagika baharini, na sasa mataifa yamekaa kikao kunijadili mimi Sylvanus. Kujulikana nimefurahi, lakini kwa kweli mnanichosha. Bahari niliionja mara moja, ni chumvi tupu. Itaharibiwaje na utelezi wa kahawa, ambao ni mtamu? Na mashine hii watu wanatoka Sanya Juu kuja kuishangaa tu.

Basi, kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu, kuanzia Jumatatu halitaingia mtoni hata tone. Waambie hao mabalozi. Na uwe unaniandikia, usipige simu. Simu siwezi kuisoma mbele ya watu baada ya misa.

Mjomba wako,
Sylvanus

Tanga, 2 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo imenishika shingo. Habari za mgongo wako?

Hawakukujadili wewe, mjomba. Nchi ni nne, zinachangia bahari moja, na siku mbili nzima kila mjumbe alikuwa anaonyesha mto wa mwenzake. Wa visiwani wanasema uchafu unatoka bara, wa bara wanasema unatoka kwa jirani. Mwisho wakakubaliana kila nchi ianze na mto mmoja, ilete ushahidi. Sisi tumepewa huu wetu wa Pangani.

Na ushahidi umepatikana. Denis, mpima maji wa ofisi yetu, alichota pale darajani, maji ni safi kuliko miaka yote. Sasa lazima niandike maganda na maji ya mashine vinakwenda wapi. Umechimba mashimo mangapi ya kuvitia? Naomba idadi kamili, maana nitaisoma mbele yao, na tarehe 20 Novemba wanakuja kuyaona.

Mpwa wako,
Redempta

Kibosho, 15 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini ni mgongo wa mwanaume.

Mashimo ni saba. Kila moja linameza basi la abiria na mizigo yake juu. Nilichimba peke yangu, la nne nikafika chini mpaka nikasikia watu wa Moshi mjini wakiongea. Wageni wako waambie wavae viatu vya maana, na wasinichoshe kwa maswali, mimi ni mtu wa kazi.

Mama yako hajambo, ila amenuna. Amepita hapa hata salamu hakutoa. Sijui nimemkosea nini, na siulizi. Ndivyo alivyo tangu tukiwa wadogo.

Mjomba wako,
Sylvanus

Tanga, 8 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Mama amenipigia. Maji ya mfereji wenu wa mfongo yananuka kama pombe iliyooza. Migomba yake ya chini imekuwa ya njano, mbuzi wamekataa kunywa, na yeye na miguu yake ile anateka maji kanisani. Jumamosi alishika fimbo akaufuata mfongo kupanda juu, mpaka akakuta bomba lako. Shimo hakuona hata moja.

Kwa hiyo mtoni uliziba kweli, ukafungulia kwenye mfongo. Mfongo uliochimbwa na babu yako, na nyumba ya kwanza chini yako ni ya dada yako.

Mimi nilisimama mbele ya nchi nne nikataja saba. Jana nimesimama tena nikataja sifuri, na nikasema mwenye mashine ni mjomba wangu. Mjumbe wa visiwani akacheka. Akasema, "Dada, usione haya. Hata sisi hapa tunafanya hivyo hivyo, tunahamishia kwa jirani." Hakuna aliyecheka naye.

Wanakuja hivyo hivyo. Mkuu wangu amesema wakikuta uongo mwingine, mto wetu utaondolewa kwenye mpango, nami pamoja nao.

Redempta

Tanga, 3 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijapata jibu lako. Tarehe ya wageni ni ile ile.

Redempta

Kibosho, 24 Novemba 2024

Mpwa wangu Redempta,

Tumsifu Yesu Kristo. Umenitangaza mpaka ng'ambo ya bahari, na bado nakuandikia.

Wazee wa mfongo walinikalisha. Jovin, mwenyekiti, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika jembe, alinisomea sheria kama mtoto wa kipaimara. Aliyechafua achimbe, asisaidiwe na mtu, na mashine isiwashwe mpaka anayechota chini yake aseme maji ni mazuri. Yaani kahawa yangu inaozea mtini nikingoja mdomo wa mama yako.

Wageni walinikuta shimoni, udongo umenifika kiunoni. Yule wa visiwani akamwambia Denis, uliyemtuma awaongoze, aniulize, mtu akikataa kuchimba mnamfanyaje? Nilikuwa na hadithi nzuri ya chui, mdomo ulishafunguka. Nikainua macho, mama yako amesimama pale na ndoo yake tupu. Nikasema, "Hawezi kukataa. Anayechota chini ni dada yake."

Wakaandika. Mama yako akashika njia ya kanisani na ndoo yake.

Nilimwekea jani la isale mlangoni kwake tangu mwezi uliopita. Unajua mtu akikuletea isale humnyimi msamaha, kwa hiyo yeye alikuwa analiruka tu, anajifanya hakuliona. Jana nimepita, halipo. Ama ameliokota, ama limeliwa na mbuzi. Lakini mbuzi wake hawali isale.

Na asubuhi hii nimemwona anachota mfongoni. Alionja kwanza. Kuhusu mashine hajasema kitu, na sijathubutu kuuliza.

Na wewe, jani lako la isale nimelitia ndani ya bahasha hii.

Mashimo wale wageni niliwaambia ni matano, na kila moja lingemeza kanisa. Siyo. Ni mawili, la tatu limenifika magotini. Kwenye ripoti yako andika mawili.

Mjomba wako,
Sylvanus