Chetezo Changu cha Mgodini

Kisauni, 1947

Somoe, salamu baadaye, hasira bado hazijanishuka.

Unakijua kile chetezo changu cha udongo, nilichokiokota karibu na mgodi uliohamwa, nyuma ya Mazeras? Leo nimekipeleka arusini, maana chetezo cha Bi Mwanaima, mama wa bwana arusi, kilipasuka asubuhi. Bibi arusi akafukizwa udi, wanawake wote wakakisifu.

Ndipo Kafedha, aliyewahi kuwapikia wachimbaji, akasema: "Hiki si chetezo! Wazungu wa mgodi walikuwa wakiyeyushia mawe humu, kupima madini!"

Wakiyeyushia mawe, Somoe! Mbele ya watu!

Bi Mwanaima akamaka: "Mwali wetu amefukizwa kwa takataka za mgodini?"

Nikamjibu: "Kilichostahimili moto wa kuyeyusha mawe kitashindwa na udi? Chako cha Lamu kimepasuka. Changu hiki hapa, kizima!"

Nami sikukiondoa.

Mara yule yule Bi Mwanaima akasogea polepole, bila kunitazama, akatandaza leso yake juu ya moshi ipate kunukia.

Nikaongeza udi.